Mama Yako Amesema Nini?

Hebu niambie, wewe unayesoma: ukimpenda mtu kwa moyo wako wote, na mama yako mzazi akasema neno chungu juu yake, utamfikishia neno lile kama lilivyo? Au utalichuja kwanza kama chai, majani ubaki nayo wewe, yeye umpe kile kilicho safi?

Hampus Stenvall alichuja. Na mtu asimlaumu haraka, maana alichuja kwa mapenzi.

Ilikuwa Jumapili ya Novemba mjini Örebro, alasiri, na giza lilishaanza kunyemelea dirishani kama ilivyo desturi yake mwezi huo. Jikoni kwa mzee Sixten Rydmark taa zote ziliwashwa, ile ya dari, ya juu ya jiko na ya pembeni. Katika nyumba ya viziwi taa haiwashwi ili chumba kipendeze. Inawashwa ili watu waonane wanachosema. Meza ilikuwa ya mviringo, kila mtu amwone kila mtu. Hampus alikuja na maua ya manjano, mazuri kweli, na mzee Sixten aliyapokea, akayatia kwenye chombo cha maji, akayanusa, kisha akayaweka chini sakafuni karibu na jiko. Ua katikati ya meza ni kama mtu kukuwekea kiganja mdomoni.

Sixten alikuwa kiziwi tangu kuzaliwa. Marehemu mkewe Gunvor vilevile. Na binti yao wa pekee, Ylva, fundi wa meno ya bandia, mwenye nywele rangi ya shaba na vidole virefu vilivyosema maneno kwa utulivu kama mtu anayekunja nguo safi, naye alikuwa kiziwi. Watatu waliokaa mezani siku ile, mzee, Ylva na Hampus, walizungumza kwa mikono. Nikiandika "alisema", ujue mikono ilisema. Kusema ni kusema.

Ni Hampus tu aliyekuwa anasikia.

Mkono wake ulikuwa mzito kidogo, una lafudhi, alisema kama mtu wa bara aliyehamia pwani ukubwani. Lakini aliijua lugha ile, na watu wa chama cha viziwi walimpenda, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuandika yale maneno yanayopita chini ya televisheni. Alikaa kwenye chumba kidogo kisicho na dirisha, kipaza sauti mdomoni, akirudia kila kinachosemwa hewani kwa sauti kavu isiyopanda wala kushuka, mashine ikigeuza sauti yake kuwa maandishi, na vidole vyake vikikimbia nyuma kusahihisha. Habari, mpira, mijadala, maombi ya Jumapili asubuhi. Aliandika hata kicheko, na ni kicheko cha namna gani. Aliandika hata makofi yaliyopigwa kwa uvivu.

Hata kukutana kwao kulianzia hapo. Chama kiliita mkutano wa watazamaji, na Ylva akasimama mbele za watu wote, akamwambia: "Wewe ndiye unayeniharibia mpira? Goli linaingia, jirani zangu wanaruka mpaka sakafu yangu inatikisika, mimi bado nasoma kwamba kuna kona!" Ukumbi mzima ulipunga mikono hewani kwa kicheko. Hampus alitabasamu, masikio mekundu, akauliza: "Kingine?" Ylva akasema: "Ndiyo. Unaandika 'ndege anaimba'. Ndege gani? Wote mnaosikia mnamjua, mimi nibaki na ndege tu?"

Wiki ile ile, usiku wa filamu, chini ya picha ya msitu yakapita maneno: chiriku anaimba, mbali. Ylva alikaa kwenye kochi lake, akayasoma, akaweka mkono kifuani. Hakuna aliyewahi kumtafutia ndege.

Basi wakapendana. Na katika sikukuu ya kiangazi, ukingoni mwa ziwa Hjälmaren, Hampus alimwambia nataka tuoane. Ylva akamwangalia kwa macho yaliyojaa, akasema: "Nipe muda." Muda ule ulipita majani yakiwa kijani, ukapita yakiwa mekundu, na sasa matawi yalikuwa matupu, Hampus bado anasubiri. Hakujua kinachomzuia. Ylva alikijua, na kiliitwa simu ya Jumapili.

Kila Jumapili mama yake Hampus, Ingegerd, mjane anayeishi peke yake kaskazini kabisa huko Vilhelmina, alimpigia mwanawe. Na Jumapili ile, wakiwa hawajamaliza hata andazi la mdalasini, simu ya Hampus ikatetemeka mezani. Wote watatu waliihisi viganjani.

Hampus aliinua, akaibana kati ya sikio na bega, akabaki na mkono mmoja wa kusemea. Mdomo wake ukaanza kusogea kidogo kidogo.

"Anasemaje?" aliuliza Ylva.

"Anakusalimu."

Mdomo wa Hampus ulitulia. Alikuwa anasikiliza tu. Akasikiliza, akasikiliza. Masikio yake yakaanza kubadilika rangi.

"Na sasa?"

"Theluji imeanza huko."

Mzee Sixten aliweka kikombe chini. "Theluji gani hiyo inayomtia mtu wekundu masikioni?"

Hampus alijifanya hakuona. Akageukia dirisha. Kumgeukia mtu mgongo akiwa anaongea nawe kwa mikono, hilo nalo si dogo, lakini Ylva alivumilia. Alikunywa kahawa yake kidogo kidogo, macho kwenye mgongo ule anaoupenda, mpaka kikombe kikabaki na machicha. Hampus akakata simu, akarudi mezani, akachukua andazi jingine kama mtu mwenye njaa sana.

"Mama yako amesema nini?" Ylva aliuliza.

"Nimeshakwambia. Theluji. Mbwa ana kikohozi. Anakusalimu."

"Hampus. Ameongea kahawa nzima. Kahawa nzima wewe unanipa theluji na mbwa?"

"Mengine hayakuwa na maana, mpenzi. Nitakwambia baadaye."

Mikono ya Ylva ilisimama hewani.

Kiziwi gani hakulishwa neno hilo tangu utotoni? Watu wazima wanacheka mezani, mtoto anauliza wanacheka nini, anaambiwa: nitakwambia baadaye. Mwalimu anagombana na mwalimu mwenzake, baadaye. Mjomba amekufa, wote wanalia, baadaye. Na ile baadaye haiji. Ylva aliposomeshwa shule ya viziwi na kukutana na wenzake, waligundua kwamba kila mmoja wao anamdai mtu baadaye zake.

"Rudia," alisema Ylva.

"Nini?"

"Ulivyosema sasa hivi. Rudia, nione kama ni wewe."

Hampus aliona amekosea, lakini hakujua ukubwa wake. Mzee Sixten ndiye aliyepiga sakafu kwa mguu, mara moja, kumwita. Mtetemo ukapanda miguuni mwa wote.

"Kijana, nikuambie. Nilikuwa na kaka, Evert, anasikia. Mtu mzuri, Mungu amrehemu. Enzi hizo hakuna simu ya picha, hakuna ya maandishi, hakuna kitu. Nikitaka kumwambia Gunvor kwamba nitachelewa, napanda baiskeli mpaka Kumla kumwambia kwamba nitachelewa. Unacheka? Nilikuwa nachelewa kwa sababu ya kwenda kusema nitachelewa!"

Ylva, pamoja na hasira yake, alitabasamu upande mmoja.

"Basi siku moja Evert ananipigia simu kiwanda cha uchapaji, kuniulizia kazi. Anaongea, anacheka, anaongea, mimi nimesimama mbele yake kama mbwa anayengoja mfupa. Anakata. Ananiambia: hakuna nafasi. Nikarudi kwenye kushona viatu. Miaka imepita, nakutana na yule msimamizi kwenye maziko, ananiambia kwa kuandika: mbona ulikataa? Nilikuwa nakutaka uanze mara moja!" Sixten alipumua. "Evert aliona mashine zile ni hatari kwa mtu asiyesikia. Aliogopa nitakatwa mkono. Hakunidanganya kwa chuki, kijana. Alinipenda. Alinichujia kwa mapenzi, na mapenzi yake yakaninyima kazi niliyoitaka. Ndiyo maana nilimwambia binti yangu tangu mwanzo: mtu anayesikia ni mtu mzuri sana, mpaka simu iite."

"Mzee, mimi si Evert."

"Basi jibu swali la Ylva."

Hampus alimgeukia Ylva. Macho yake yalikuwa yanamsihi. Na hapo, akiwa na hofu ya kumpoteza, alifanya kile ambacho mwanamume yeyote anayesikia angefanya: aliinama mbele, akaishika mikono yake yote miwili, akaifumbata kwa upole viganjani mwake, akaibusu.

Ylva aliichomoa kama aliyegusa jiko.

"Usinizibe mdomo!"

"Sikukuziba, nilikuwa..."

"Ningekuwa nasikia, ningekuwa katikati ya kukuambia neno, ungeniwekea kiganja hapa?" Alijifunika midomo kwa nguvu mpaka mashavu yakapauka. "Ungenibusu huku umeniziba?"

Hampus alirudi nyuma kwenye kiti. Alikuwa amejua lugha ile miaka kadhaa, lakini jambo hilo hakuna kitabu kilichomfundisha. Aliitazama mikono yake mwenyewe kama vile imemtia aibu mbele za watu.

"Nisamehe," alisema.

"Kwenye televisheni unaniandikia mpaka mtu akiguna," Ylva alisema. "Unaniandikia watu nisiowajua, waliokosana na watu nisiowajua. Nikakuheshimu. Nilisema, huyu ni mwanamume wa pekee, huyu hatanipa makombo. Kumbe hapa jikoni kwa baba yangu, juu ya mtu atakayekuwa mama mkwe wangu, unanikatia. Mama yako amesema nini? Neno kwa neno. Kama uko kazini."

Jiko lilikuwa bado na joto, madirisha yameshika mvuke.

Kisha Hampus alinyoosha mgongo. Uso wake ukawa ule wa kazini, usiopanda wala kushuka, na akaanza kusema, polepole, bila kukwepa macho ya Ylva.

"Alisema: nimewaza sana juu ya huyo msichana wako. Alisema: sina ubaya naye. Lakini mimi nataka mkwe ambaye nikimpigia simu tutaongea, mwanamke na mwanamke. Alisema: utakapokuwa mzee utazungumza na nani? Mtakaa kwenye nyumba ya kimya. Alisema: kimya kinaua, Hampus, wewe hukijui kimya. Alisema: bora uniache nife kwanza, ndipo umwoe." Akaongeza: "Halafu ndiyo akaja kwa mbwa."

Chozi moja lilimdondoka Ylva, likapita pembeni ya pua. Hakulifuta.

"Asante," alisema. "Sasa nami nimepakuliwa. Ni chungu, lakini ni sahani yangu." Akasimama. "Nampigia."

"Nani?"

"Mama yako."

"Ylva, tafadhali, sasa hivi? Ngoja niongee naye kwanza, nimtayarishe..."

"Kaa," alisema mzee Sixten, na kumwonyesha kochi. "Leo wewe si mkalimani. Leo wewe ni mchumba, kama utabahatika. Kaa pale, kunywa kahawa yako."

Ylva alisimamisha skrini yake ya simu za picha juu ya meza, akasogeza taa imwangaze usoni. Sauti ya skrini ile haikuwahi kufunguliwa tangu itoke dukani. Akabonyeza, akangoja, na mara akatokea mkalimani wa simu za viziwi, mwanamke wa makamo aliyefunga nywele nyuma, amevaa sweta nyeusi isiyo na nakshi wala kifungo kinachong'aa, ili mikono ionekane. Nyuma yake ukuta wa buluu. Sikioni alikuwa na kifaa cha kusikilizia.

"Karibu," alisema mkalimani. "Nikupigie wapi?"

Watu wengi hawaijui kazi ile, na mimi nawaambia ni kazi ya kuvuliwa kofia. Yule mwanamke anakopesha mdomo wake: mikono ya kiziwi anaitamka kwenye simu, na anachosikia kwenye simu anakirudisha kwa mikono. Ukicheka, anacheka. Ukitukana, anatukana hivyo hivyo, na jioni anakwenda zake nyumbani, hamwambii hata mumewe. Haongezi, hapunguzi. Maneno yanapita ndani yake kama maji kwenye bomba safi, wala hayaachi ladha.

Ylva alitoa namba. Mkalimani alisikiliza, akaanza kujitambulisha, kisha akainua nyusi.

"Amekata. Alisema: sinunui kitu."

Sixten alicheka mpaka akashika tumbo. "Kila mara! Miaka yote! Mara ya kwanza kumpigia daktari wa meno, naye alisema hanunui kitu!"

"Mpigie tena," Ylva alimwambia mkalimani. "Kabla ya maelezo yoyote, sema: usikate, ni Ylva wa Hampus."

Mkalimani alipiga. Ylva aliona kifua chake kikijaa pumzi, midomo ikitamka kwa nguvu. Halafu mikono ya mwanamke yule ikaanza kusema, na sasa hakuwa yeye tena. Alikuwa Ingegerd.

"Nani? Ylva? Wa Hampus? Ala! Kuna nini, amepatwa na nini?"

"Hajapatwa na kitu, mama, yupo hapa anakunywa kahawa. Nimekupigia mimi. Nataka tuongee, mwanamke na mwanamke, kama ulivyotaka."

Hampus kule kwenye kochi alifunga macho, akayafungua haraka asije akapitwa.

"Theluji imeanza huku!" alisema Ingegerd kupitia mikono ile. "Imeanza mapema. Na mbwa wangu Tussa anakohoa, nimempa maziwa ya moto. Jirani aliniletea nyama ya paa wa msituni, mguu mzima, mtu mmoja nitaula lini mguu mzima? Nimetengeneza madonge ya viazi, nimeyajaza nyama, nimegandisha. Na barabara haijakwanguliwa..."

Akaendelea. Mkalimani alimfuata hatua kwa hatua, akahema pale alipohema. Ylva alisubiri upenyo. Upenyo haukuja. Akaingia kwa nguvu.

"Mama, nani anakusaidia kuondoa theluji mlangoni?"

Mkalimani alisema, akasikiliza, akasita. "Amevuta pumzi ndani, kwa ghafla, hivi." Akaonyesha kwa midomo. "Hakusema neno."

Ylva alimgeukia Hampus. Hampus akajibu kutoka kochini: "Kwetu hiyo ni ndiyo. Watu wa kaskazini wanaivuta ndiyo kama supu."

"Nimemuuliza nani, anajibu ndiyo?"

Hampus aliinua mabega. "Ndivyo alivyo. Mama anapenda kuongea. Tangu baba afariki anaongea tu."

Mkalimani aliongeza, kama wajibu wake ulivyo: "Kuna sauti ya televisheni nyuma yake. Kubwa sana. Inanisumbua hata mimi."

Ylva alibaki ameikazia macho skrini. Kisha uso wake ukalainika, taratibu, kama siagi iliyosahauliwa karibu na jiko. Maana zile mbinu alizijua. Alizitumia zote alipokuwa msichana, akipelekwa kwenye sherehe za watu wanaosikia. Kujibu ndiyo kwa kila swali. Kucheka wengine wakicheka. Na ile kubwa kuliko zote: kuongea bila kupumzika, maana anayeongea yeye hahitaji kusikia mtu.

"Mkalimani," alisema, "sasa tuseme polepole, maneno machache, kwa sauti nene. Mama. Zima televisheni. Zima kabisa. Halafu hamisha simu. Weka sikio la pili."

Wakangoja. Mkalimani akasema: "Hatua. Televisheni imezimwa. Anahamisha simu." Halafu: "Haya. Nimefanya. Sasa nini?"

"Unanisikia vizuri zaidi?"

"Afadhali."

"Mama, tangu lini husikii?"

Mikono ya mkalimani ilitulia mapajani. "Kimya," alisema. "Anapumua." Mzee Sixten alisogea nyuma ya kiti cha binti yake, akashika mgongo wa kiti. Hampus alikuwa amesimama bila kujijua.

"Nani amekuambia?" Ingegerd aliuliza.

"Hakuna aliyeniambia. Mimi ni kiziwi, mama. Wenzangu nawajua hata kwa simu."

Mkalimani, ambaye haongezi wala hapunguzi, alisikiliza mpaka mwisho. Mikono yake haikuyumba.

"Analia," alisema kwanza. Kisha akawa Ingegerd: "Ni tangu mwaka aliofariki baba yake Hampus. Mwanzo ndege waliacha kuja. Nikadhani wamehama. Halafu saa ya ukutani ikaacha kugonga, nikaipeleka kwa fundi, fundi akaniambia ni nzima. Aibu niliyoipata! Sauti ya Hampus kwenye simu inanifikia kama nzi ndani ya chupa. Basi naongea mimi, ili asiniulize kitu. Nikimaliza nakata. Jumapili zote hizi sijui mwanangu amesema nini."

"Na yale maneno? Nyumba ya kimya?"

"Nyumba ya kimya ni hii yangu, mwanangu. Nilikuwa nasema yangu nikaibandika kwako. Nilimwambia Hampus kimya kinaua, kwa sababu huku kinaniua mimi. Na niliogopa. Nilijua mkija hapa, yeye anaweza asione, lakini wewe utaniona siku ya kwanza. Tena hukungoja hata kuja."

Ylva alicheka huku analia. "Nimekuona kutoka Örebro."

"Sasa nifanyeje? Niwe mzigo wa watu?"

Mzee Sixten hakuweza tena. Alipenyeza mikono yake mbele ya skrini, juu ya bega la binti yake. "Mkalimani, mimi ni baba yake, mwambie mama huyu asiseme upuuzi! Siku hizi kuna simu ambayo unaongea wewe kwa mdomo wako, na anachosema mwenzako kinakuja kimeandikwa, herufi kubwa kama kichwa cha gazeti! Enzi zetu tuliendesha baiskeli! Leo binti yangu anaongea na kaskazini akiwa amevaa soksi! Watu walipigania haya, mama, si ili uje ukae gizani na mguu wa paa!"

Mkalimani aliyasema yote, hata ile baiskeli. Akasikiliza. "Anacheka. Anauliza: huyu mzee mkali ni nani, na anakula nyama?"

"Anakula," Sixten alisema, akajirudisha nyuma, akinyoosha fulana yake.

Hampus alikuwa amesogea mpaka ukingoni mwa meza. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeambiwa habari za nyumbani kwao na wageni. Mwanamume aliyekesha akiandikia nchi nzima kila sauti, mama yake mwenyewe alikuwa anazama katika kimya, naye kila Jumapili alimsikia akiongea akadhani ni mzima.

"Sikujua," alimwambia Ylva. "Nimeishi kwa masikio, na sikujua."

"Ulikuwa unachuja," alisema Ylva, bila ukali sasa. "Ukichuja kwa muda mrefu, nawe husikii tena." Akamgusa shavu kwa kidole kimoja, mikono ya Hampus ikabaki huru. "Sasa usimchujie tena mtu. Si mimi, si yeye."

"Sitachuja."

Skrini iling'aa. Mkalimani aliinua mkono kuomba wamtazame. "Mama anauliza kama bado mpo."

"Tupo, mama."

"Basi nami nina swali," ilisema mikono ile, na ilisema polepole, kama bibi anayeshuka ngazi. "Nisikilize, maana nimechoka na theluji. Hampus aliniambia kiangazi kwamba amekuposa. Nadhani alisema hivyo, nililipata neno moja tu katika matano. Hajaniambia jibu. Labda aliniambia, nikawa naongea. Wewe, Ylva, unamtaka kijana wangu?"

Swali lile Hampus alilibeba tangu ziwani, alilala nalo, aliamka nalo, na sasa alikuwa analiona likiulizwa na mama yake kwa mikono ya mwanamke asiyemfahamu. Macho yakamjaa maji, taa zikaanza kuogelea.

Mzee Sixten alimpiga begani, akamgeuza. "Futa macho, mkwe! Ukilia huoni anachosema!"

Mkwe. Alisema mkwe. Hampus alijifuta kwa mkono wa sweta, haraka, kama mtoto.

Ylva hakumtazama Hampus. Aliitazama skrini, yule mwanamke wa sweta nyeusi aliyengoja ameukaza uso kwa umakini, na nyuma yake, mbali kaskazini, bibi mmoja aliyebana simu kwenye sikio lake lenye nafuu. Akavuta pumzi. Akaiinua mikono yake katika mwanga.

"Namtaka, mama," alisema. "Nilimtaka siku ile ile ya ziwani, ila sikutaka kuingia kwenu kwa mdomo wa mtu mwingine. Nilitaka nikuambie mwenyewe. Nataka kuolewa na Hampus."